Kanzu Niliyoishona Nisiivae

Kanzu ya padre ilipochanika kwapani, ililetwa kwangu. Ilikuwa imefungwa kwenye gazeti, na mtumishi wa misheni aliyeileta alisema padre anaihitaji kabla ya Jumapili. Niliigeuza ndani nje, kama nilivyofundishwa kugeuza kila nguo kabla ya kuitia sindano, nikaanza kucheka peke yangu. Chini ya kila mkono palikuwa na kipande kidogo cha pembe nne, kikwapa, kinachouacha mkono uinuke bila kuvuta nguo nzima. Kutoka kwapani hadi kwenye pindo ziliteremka taharizi, vile vipande vyembamba juu na vipana chini vinavyoifanya kanzu ipanuke mtu anapotembea. Ilikuwa kanzu ya Kiarabu mshono kwa mshono. Nilizijua kanzu hizo kwa sababu ndizo nilizokuwa nikizishona kila siku kwenye ua wa duka la Mwarabu, Musoma mjini.

Naanza na kanzu ya padre ili ijulikane hasira yangu inatoka wapi. Mimi si mtu wa kukasirika ovyo, ingawa watoto wangu watasema vingine.

Kwetu ni upande wa Bunda, kwa watu wa pamba na ng'ombe. Nilipomaliza shule baba alinipeleka Musoma kwa mama mmoja Mwarabu, mke wa mwenye duka la vitambaa, nikajifunze cherehani. Mji mzima ulimjua mama yule kama buibui jeusi linalotoka dukani na kuingia nyumba ya jirani. Siku ya kwanza aliponiingiza uani, alilivua buibui akalitundika msumarini, nikabaki nimeduwaa. Alikuwa amevaa kanzu. Ilikuwa ya kijani, imefika magotini, shingoni na mikononi ina darizi ya uzi wa rangi ya fedha, na chini yake suruali iliyobana vifundoni. Mimi kanzu nilizijua kwa wazee tu, nikadhani amevaa ya mumewe.

Aliona macho yangu. "Kwani wewe ulidhani kanzu iliumbwa pamoja na ndevu?" akaniuliza, akacheka hadi akakaa chini.

Yeye alizaliwa Tabora, Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu, na mdomo wake haukuwa na breki. Alinifundisha kukata. Gauni la Kizungu, alisema, unalikata kwa mizunguko, na kila mzunguko unakuachia vipande vya kupangusia taa. Kanzu ni pande zilizonyooka na pembe tatu tu. Unachokikata huku unakiweka kule, na ukimaliza, sakafuni hakuna kitu cha kufagia. Akanifundisha pia kuacha pindo nene, maana mtu hukua na nguo huchakaa. Na alikuwa na miiko yake. Mmoja ulikuwa huu: nguo ya harusi haivaliwi na mwenyewe kabla ya siku yake. Ukitaka kuipima, mvalishe mwingine mwenye umbo kama lako. Mimi Mkristo, sikuuamini sana mwiko huo, lakini yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, nikaushika.

Nilipopata mchumba, karani wa ushirika wa pamba ambaye kwao ni Butiama, wazee wa pande mbili walikaa wakakubaliana. Walitaja ng'ombe, wakataja blanketi la bibi, wakataja kanzu ya baba. Kanzu ya baba kwetu haina mjadala. Siku ya kumtoa binti, baba lazima atoke nyumbani amevaa kanzu mpya iliyoletwa na upande wa muoaji. Bila kanzu baba hatoki, na baba asipotoka, binti naye hatoki. Wakristo na wasio Wakristo, wote tunalishika hilo, wala sijawahi kusikia mtu akiuliza kanzu yenyewe ilitoka kwa nani.

Mimi nilikuwa na jambo langu moja tu. Nilikuwa nimewashonea watu wa mji ule nguo za kila sherehe, nikizikunja na kuzikabidhi, na nilitaka siku moja nisimame mbele za watu ndani ya kazi ya mikono yangu. Niliamua kujishonea nguo ya harusi. Bafta nyeupe nilipewa na mama wa dukani, nzito na laini, ya yale majora ya mwisho mwisho. Niliikata kama kanzu, lakini nikaishusha hadi vifundoni, taharizi nikazipanua zaidi ili ichezecheze ninapotembea. Shingo nikaipasua hadi kifuani kama zao. Kwenye darizi ndipo nilipofanya yangu. Waarabu hutia majani yanayotambaa. Mimi nilitia pamba, tumba lililopasuka na maua yake kando, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kuizunguka shingo yote. Pale ambapo wao huning'iniza kishada cha nyuzi ili wakitie manukato, nami nikaning'iniza changu. Mama wa dukani alikiviringisha kishada kile kwenye vidole vyake akasema, "Hii sasa si yetu tena. Ni yako." Nilimvalisha binti wa jirani tukaipima, nikaikunja bila kuivaa.

Halafu akaja shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba na kiongozi wa akina mama wa kanisa. Hakuwa mtu wa kuchezewa. Kwenye shamba la ujamaa yeye ndiye aliyekuwa akitangulia na jembe, na wanaume walikuwa wakimfuata kwa aibu. Nilimfungulia ile nguo kitandani nikiwa na hakika kwamba atalia kwa furaha.

"Hii ni nini?"

"Nguo yangu ya harusi, shangazi."

"Hii ni kanzu."

"Ni gauni, shangazi. Nimelikata tu kwa mtindo wa kanzu."

"Kanzu inavaliwaga na wanaume. Tena ni ya Waarabu. Utasimama mbele ya altare na kanzu ya Mwarabu? Watu watasema umesilimu."

"Padre anaivaaga kila siku."

"Padre ni mwanaume."

"Na baba je?"

"Baba yako amekuwa mwanamke lini?"

Ningeweza kunyamaza, lakini sikulelewa hivyo, na aliyenilea ni shangazi mwenyewe. Nilimbembeleza mpaka akakubali kuja uani kwa mwalimu wangu. Mama wa dukani alimpokea kwa kahawa na tende, akavua buibui, akasimama katikati ya ua akageuka taratibu ili aonekane pande zote. Shangazi aliweka kikombe chini. Alizishika taharizi, akaomba mikono iinuliwe akachungulia kikwapa, akauliza uzi ule unapatikana wapi. Wakawa wanacheka pamoja kuhusu waume zao. Nilijua nimeshinda.

Tulipotoka barabarani, shangazi alisema, "Ni nzuri kweli. Nisidanganye."

"Kwa hiyo umekubali?"

"Yule ni Mwarabu, anavaaga ya kwao. Wewe vaa ya kwenu."

"Ya kwetu ni ipi, shangazi?"

"Gauni. Si lipo kanisani kwenye sanduku?"

Gauni la sandukuni lililetwa na masista kutoka Ulaya, na kila binti aliyefunga ndoa misheni alilivaa na kulirudisha. Makwapa yake yalikuwa ya manjano, zipu ilikufa zamani. Hilo ndilo lililokuwa la kwetu. Nilitaka kukaa chini barabarani nipige kelele. Miaka ile redio ilikuwa ikihubiri asubuhi na jioni kwamba tuache ya wageni tujivunie yetu, na vijana wa chama walikuwa wakiwakimbiza wasichana wa sketi fupi hadi sokoni. Katibu wa tawi letu alilihutubia jambo hilo kwa ukali, jasho likimtoka, amevaa koti la kola ya kusimama lililoigwa kutoka China. Kila mtu alikuwa amevaa nchi ya mtu mwingine. Aliyekatazwa ni mimi.

Nikamkumbuka padre. Kanzu yake nilikuwa nimeshaiziba, nikaamua kuipeleka mwenyewe. Nilimwonyesha kikwapa na taharizi, nikamwambia hii ni kazi ya Kiarabu. Padre alikuwa Mzungu mzee, mwenye masikio makubwa na subira nyingi. Hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba mapadre waliomtangulia walianza kazi yao kwa Waarabu wa Afrika Kaskazini, wakavaa kama wenyeji wa huko ili wasionekane wageni, na nguo ikawaganda.

"Basi, Padre, kama wewe unasoma misa na kanzu ya Kiarabu, na mimi nifunge ndoa na yangu."

Alicheka, lakini kwa upole. "Mimi sina neno, mwanangu. Ila mavazi ya maharusi ni mambo ya akina mama. Kaongee na kiongozi wao."

Kiongozi wao alikuwa shangazi. Nilimshukuru nikaondoka.

Alibaki mchumba wangu. Nilimngoja atoke ofisini, nikamweleza yote kuanzia kikwapa hadi katibu wa tawi. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akasema, "Si uvae tu hilo la kwenye sanduku, yaishe? Ni siku moja." Yeye angevaa suti ya kaka yake. Tumeishi pamoja miaka mingi, ni mume mwema na sina cha kumlaumu, lakini hadi leo akilitamka neno "yaishe" mimi natoka nje.

Niliilaza nguo yangu kwenye sanduku la bati nikaisindikiza na kijiti cha udi.

Ndipo ukaja wakati wa kufungwa maduka ya watu binafsi, biashara ikahamia duka la kijiji. Mwalimu wangu na mumewe walifunga milango wakarudi Tabora kwa ndugu zake. Aliniachia mkasi wake. Aliponiaga kituo cha basi alikuwa ndani ya buibui, sikumwona uso vizuri, na mimi nililia hadi abiria wengine wakaniangalia. Katika duka la kijiji palikuwa na majembe, chumvi, na siku za bahati sabuni. Khanga ikija, unapanga foleni kabla jua halijatoka. Bafta ilitoweka kabisa, hata ya sanda. Kwa jirani yetu mmoja maiti ilizikwa na shuka la kitandani, na hakuna aliyenong'ona.

Kwa hiyo siku ya kuleta mahari, wakwe walifika kwetu na ng'ombe wote, wakafika na blanketi, na kanzu hawakuwa nayo. Tulikuwa tumeshahamia kwenye nyumba mpya za kijiji, zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara, kwa hiyo kila jirani aliona kila kilichoshushwa. Mshenga wao alikuwa mzee mwenye maneno laini.

"Mzee wetu, tumeitafuta. Musoma hakuna, Bunda hakuna. Tulisikia kuna mtu Mugango, tukatuma kijana, akarudi na samaki. Tunaomba tuilete baadaye."

Baba aliwatazama ng'ombe, akalitazama blanketi. Hakuwa mkali, na mimi niliyemjua niliona ni aibu iliyomkaa usoni. Kesho ndiyo ilikuwa kanisani, na nguo aliyokuwa nayo ya maana ilikuwa kaptula ya kaki yenye viraka.

"Ng'ombe nimewaona," akasema. "Blanketi nimeliona. Kanzu sijaiona. Sasa nitatokaje?"

Hapo mazungumzo yalikwama. Mmoja akasema tuahirishe, mwingine akasema ndoa imeshatangazwa kanisani, ugali ukapoa, hakuna aliyeugusa. Mimi nilikuwa jikoni na mama tunasikiliza ukutani, na kwa mara ya kwanza niliogopa kwamba sitaolewa kabisa. Kisha nikamsikia shangazi akijipiga kofi gotini.

"Si ipo ile ya mtoto kwenye sanduku?"

Bibi harusi haruhusiwi kutokea mbele ya wakwe siku hiyo. Nilitokea. Nilisimama mlangoni na mikono yangu ina unga.

"Shangazi, ulisema ile nguo haifai."

"Haifai kwa mwanamke," akanijibu kwa utulivu. "Nilikuambia ile ni kanzu ya mwanaume. Nilisema au sikusema?"

Alisema. Ndilo lililoniuma zaidi, kwamba neno lake halikuwa limebadilika hata kidogo. Wazee wote walitikisa vichwa kukubali, maana wao waliona mambo yamekaa sawa. Nguo ililetwa. Baba alikuwa mwembamba, ikamwenea mabegani, ila ilikuwa fupi. Nikakumbuka pindo nene nililoacha kama nilivyofundishwa. Mzee mmoja naye akaligundua, nikarudishiwa niliteremshe.

Nilifumua na kushona pindo lile jikoni, karibu na moto. Mama alikuwa akinitungia uzi kwenye sindano, moja ikiisha ananipa nyingine, na moshi ulikuwa kisingizio kizuri kwetu sote wawili. Nilipomaliza, shangazi aliichukua akampa mshenga, mshenga akainuka, akamkabidhi baba kwa mikono miwili kana kwamba imetoka Butiama, na vigelegele vikapigwa. Yaani mimi ndiye niliyemtolea baba yangu mahari yangu, kwa niaba ya mume wangu.

Kesho yake nilivaa gauni la sandukuni. Mgongoni lilishikwa kwa pini. Halikuwa na kikwapa, kwa hiyo mikono yangu haikuweza kuinuka zaidi ya kifua, na mama mkwe alipotaka kunikumbatia nilimpa mabega tu, akadhani naringa. Kando yangu alitembea baba. Taharizi zilikuwa zikipepea kama nilivyozipigia hesabu, kila hatua. Watu walikuwa wakimsifu toka mlangoni hadi mbele: mzee amependeza, wakwe wamejitahidi. Padre aliiangalia ile shingo, akaniangalia mimi, akafungua kitabu chake. Nikasimama katikati ya kanzu mbili, yake na ya baba, ndani ya gauni lililonuka jasho la maharusi wenzangu.

Baada ya misa mpiga picha alitupanga mlangoni. Baba alikuwa akiipapasa shingo yake kwa kidole kimoja.

"Hii imenikaa," aliniambia. "Umeona maua yake? Ni pamba."

"Nimeona, baba."

"Ulijuaje kama ningependa pamba?"

Picha ile ilipigwa mdomo wangu ukiwa wazi.

Aliivaa miaka yote iliyobaki ya maisha yake, Krismasi, misiba, mikutano ya kijiji. Nilikuwa nikienda kumsalimia naikuta imetundikwa, imefuliwa, imeanza kuwa laini kama nguo ya mtoto. Mara nyingi nilitaka kuiomba. Lakini ilikuwa ni mahari, imekabidhiwa mbele ya mashahidi, na kwetu mahari hairudi isipokuwa ndoa imevunjika. Ningeidai, wangeitana wazee kuniuliza mume wangu amenikosea nini. Ningewaambia nini? Kwamba nataka nguo yangu? Nikanyamaza, na kunyamaza huko kuliniharibia tabia.

Baba alipofariki, alikuwa ameshasema azikwe nayo. Nilipoinama kumuaga, mkono wangu ulikwenda wenyewe shingoni pake. Sitadanganya, sikuwa nimeupeleka kwa mapenzi peke yake. Nikakuta ua moja limefumuka. Nikaomba sindano. Shangazi, aliyekuwa mzee sana wakati huo, alisema, "Mwache baba yako, haendi harusini." Nilishona hivyo hivyo, na wanawake wakanisubiri.

Siku hizi ukitoka hapa ukaingia duka lolote la nguo, Musoma au Bunda, utakutana na kaftani, abaya na madera yametundikwa hadi nje. Akina mama wa kanisa letu wameshona sare ya kaftani, shingo imetiwa darizi kwa mashine ya kompyuta, na wanaingia nayo hadi mbele ya altare wakiimba. Hakuna anayeuliza nani amesilimu. Mimi hukaa benchi la nyuma, natazama zile shingo, nakosa sala. Kikwapa hawatii. Wakiinua mikono kusifu, nguo nzima inapanda.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja na simu yake kunionyesha mitindo, maana ataolewa. Anataka kitu cha Kiarabu Kiarabu, alisema, lakini chenye asili yetu. Akawa anapekua albamu yangu, akafika kwenye picha ya mlangoni mwa kanisa. Hakuniangalia mimi hata kidogo. Aliipiga picha kwa simu yake, akaikuza ile shingo ya baba hadi tumba la pamba likajaa kioo chote.

"Bibi, hii kanzu ya babu ni kali. Nani aliibuni?"

"Mimi."

Alicheka, akadhani namtania. Akasema atamtumia fundi wa Mwanza ile picha aiige, na kama kanzu yenyewe ipo nimpe tu, itakuwa rahisi zaidi. Nikamwambia tulimzika nayo. Nikamwambia na mengine yote, tangu kanzu ya padre, na kadiri nilivyosema simu yake ilishuka taratibu mapajani.

Nimemkataza kuituma ile picha Mwanza. Alete kitambaa hapa. Mkasi wa mwalimu wangu bado unakata. Tundu la sindano silioni tena, lakini atakaa hapa anitungie uzi, kama mama yangu alivyofanya. Na ikikamilika, maadamu mwiko unamkataza mwenyewe tu, sitamkabidhi siku hiyo. Nitaivaa kwanza mimi, niende nayo hadi sokoni, ninunue hata nyanya, nirudi.